Barabara ya Goma–Rutshuru

Barabara hii ya Kivu Kaskazini hupita kando ya volkano ya Nyiragongo. Tarehe 22 Mei 2021 lava iliikata. Siku zilizofuata matetemeko yalipasua lami na kuta za nyumba mjini Goma, huku magma ikipenya chini ya mji hadi chini ya Ziwa Kivu. Kwa hiyo handaki la magari halifai hapa. Mtu anaweza kupinga kwa kusema kwamba Istanbul, mji wa matetemeko, ina handaki la magari chini ya Bosphorus tangu 2016, lenye viungo vinavyonyumbuka. Ni kweli, lakini ufa mkuu wa ardhi wa huko uko mbali kidogo na handaki. Mjini Goma ardhi hupasuka palepale wanapoishi watu, na vilindi vya ziwa vimejaa methani. Barabara inayoweza kuchongwa upya juu ya lava iliyopoa ndiyo inayoifaa Goma.