Charles McGee: Safari 409 za Vita na Jina la Mke Kwenye Pua ya Ndege

Mwaka 1944, katika uwanja wa ndege wa Ramitelli, kwenye pwani ya Italia inayotazama Bahari ya Adriatiki, kulikuwa na ndege ya kivita aina ya P-51 Mustang iliyoandikwa neno moja tu puani: Kitten, yaani paka mchanga. Ndege nyingine zilibeba majina ya vitisho na majigambo. Hii ilibeba jina la mahaba ambalo rubani wake, Charles Edward McGee, alimwitia mkewe Frances aliyemwacha Marekani. Fundi wa ndege hiyo, Nathaniel Wilson, naye alikuwa na sehemu yake katika jina lile, kwa sababu alikuwa akiihudumia injini mpaka ingurume taratibu kama paka aliyeshiba. Rubani alipopanda juu kila asubuhi alikuwa amekabidhi maisha yake kwa watu wawili, mmoja nyumbani na mwingine pale chini uwanjani, na wote wawili aliwaweka mbele ya ndege yake ambapo kila mtu angeona.

McGee alifariki dunia usingizini nyumbani kwake Bethesda, jimbo la Maryland, tarehe 16 Januari 2022, akiwa na umri wa miaka 102. Siku hiyo vyombo vya habari vilitaja idadi: safari 409 za kivita katika vita vitatu, yaani 137 Vita Kuu ya Pili, 100 Korea na 172 Vietnam. Ni miongoni mwa idadi kubwa kabisa zilizowahi kufikiwa na rubani wa kivita wa Jeshi la Anga la Marekani. Idadi hiyo inastahili heshima yake yote. Lakini ukiishia hapo hutamjua McGee, kwa sababu mtu huyu alikuwa mume, baba, babu na babu wa vitukuu kwa bidii ileile aliyorukia ndege, na bila familia yake huenda leo tungemkumbuka kwa mistari miwili tu.

Alizaliwa Cleveland, Ohio, tarehe 7 Desemba 1919. Mama yake alifariki Charles akiwa bado mdogo sana, muda mfupi baada ya kumzaa binti. Baba yake, Lewis McGee, alikuwa mchungaji wa kanisa la AME, kanisa lililoanzishwa na Wamarekani weusi, na pia alifundisha shule na kufanya kazi za ustawi wa jamii. Kazi za baba ziliihamisha familia mara kwa mara, leo Florida, kesho Iowa, keshokutwa Illinois. Kijana alimaliza sekondari ya DuSable mjini Chicago mwaka 1938, akaingia Chuo Kikuu cha Illinois kusomea uhandisi. Siku alipotimiza miaka 22, akiwa njiani kwenda kuimba na wanafunzi wenzake kanisani Chicago, habari ikaja kwamba Japani imeshambulia Pearl Harbor.

Kijana mweusi aliyetaka kurusha ndege za jeshi wakati ule alikuwa anagonga mlango uliofungwa kwa makusudi. Mwaka 1925 chuo cha vita cha jeshi la Marekani kilitoa ripoti iliyodai kwamba watu weusi hawana akili wala ujasiri wa kutosha kwa kazi ngumu za vita. Ripoti hiyo ilitumika kwa miaka mingi kama ukweli usiohojiwa. Mwaka 1941, kwa shinikizo la magazeti ya Wamarekani weusi, vyama vya haki na vyuo vyao, serikali ikakubali kufanya kile ilichokiita jaribio: kufundisha marubani weusi, lakini peke yao, Tuskegee, Alabama, palepale ambapo Booker T. Washington alifungua chuo chake mwaka 1881.

Hapa inafaa tumtaje mtu mmoja ambaye Afrika ina sababu ya kumkumbuka. John C. Robinson, mhitimu wa Tuskegee aliyejifunza kurusha ndege Chicago, alikuwa ameusihi uongozi wa chuo hicho kuanzisha masomo ya urubani miaka kadhaa kabla ya vita. Mwaka 1935 akaenda Ethiopia, akakabidhiwa na Mfalme Haile Selassie jeshi dogo la anga kupambana na uvamizi wa Italia ya Mussolini. Baadaye alirudi Ethiopia kuendeleza mafunzo ya marubani, na akafariki Addis Ababa mwaka 1954 baada ya ajali ya ndege. Kwa hiyo vijana wa Tuskegee walipotua Italia, mwenzao mmoja alikuwa tayari amepambana na Waitalia juu ya milima ya Ethiopia, na hilo ni jambo ambalo vitabu vyetu vya shule vingepaswa kulisema.

McGee na Frances Nelson walifunga ndoa tarehe 17 Oktoba 1942. Siku chache tu baadaye barua ya jeshi ikafika. Bwana harusi akapanda treni kuelekea kusini, na katika mahojiano ya uzeeni alisimulia jinsi treni ilipofika kusini mwa Illinois abiria weusi walivyolazimika kuhama viti vyao na kwenda behewa walilotengewa. Mtu alikuwa anakwenda kujitolea kufa kwa ajili ya nchi yake, na nchi hiyo hiyo inamwambia asimame, ahame. Alihama, akafika, akasoma, na tarehe 30 Juni 1943 akavishwa mabawa ya urubani. Marubani wapatao 992 walihitimu Tuskegee kati ya mwaka 1942 na 1946.

Kamanda wao alikuwa Benjamin O. Davis Jr., ambaye alisoma chuo cha kijeshi cha West Point kwa miaka minne bila mwanafunzi mwenzake yeyote mzungu kuzungumza naye nje ya kazi. Waliamua kumnyamazia ili akate tamaa. Akahitimu mwaka 1936. Mtu wa namna hiyo hakuhitaji kupiga kelele ili vijana wake waelewe kwamba kosa la mmoja litahesabiwa kuwa kosa la wote.

Kikosi cha McGee, cha 302, kilianza kazi Italia Februari 1944 kwa doria za pwani, kazi iliyowakinaisha kwa sababu haikuwapeleka penye mapigano. Katikati ya mwaka huo wakapewa jukumu kubwa la kusindikiza ndege nzito za mabomu zilizokuwa zikivuka milima ya Alps kwenda kushambulia viwanda na matangi ya mafuta ya Ujerumani. Julai wakapata Mustang, ndege yenye kasi na uwezo wa kwenda mbali ikiwa imebeba matangi ya ziada ya mafuta chini ya mbawa. Wakapaka mikia yake rangi nyekundu. Watu wa ndege za mabomu walipoiona rangi ile ikija kando yao, walijua nani amefika.

Kazi ya kusindikiza inachosha kuliko watu wanavyodhani. Rubani yuko peke yake katika chumba kisichotosha kunyoosha miguu, saa 5 au zaidi, baridi kali, hewa anavuta kwa barakoa, na macho hayaruhusiwi kupumzika. Ndege za mabomu ni za polepole, kwa hiyo msindikizaji huenda akipinda huku na huko juu yake ili asizipite. Ndege ya adui ikitokea na kukimbia, kishawishi ni kuifukuza ili upate sifa. Davis aliwakataza. Aliwaambia wabaki na wale waliokabidhiwa kuwalinda. Tarehe 24 Agosti 1944, wakisindikiza ndege za B-17 juu ya Chekoslovakia, McGee alitumwa kuzikabili ndege za Kijerumani zilizokuwa zikiukaribia msafara, akaifuata moja aina ya Focke-Wulf 190 iliyokuwa ikikwepa kuelekea chini, akaidungua. Ndiyo ndege pekee anayohesabiwa kuidungua angani. Mtu mwenye safari 409 ana ndege moja tu ya adui katika hesabu yake, na hilo halimpunguzii kitu, kwa sababu kazi aliyotumwa ilikuwa kuwarudisha wenzake salama.

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba marubani wa mikia myekundu hawakupoteza hata ndege moja ya mabomu waliyoisindikiza. Maneno hayo yalipendwa, yakarudiwa kwenye hotuba na filamu. Baadaye mwanahistoria wa Jeshi la Anga, Daniel Haulman, alipekua kumbukumbu za vita na kupata kwamba ndege 27 za mabomu ziliangushwa na ndege za adui zikiwa chini ya ulinzi wao. Vikundi vingine vilivyofanya kazi kama hiyo katika jeshi hilohilo la anga la Marekani lililokuwa Italia vilipoteza wastani wa ndege 46. Wapo waliochukizwa na utafiti huo. Mimi naona umewapa marubani wale heshima iliyo imara zaidi. Hadithi ya kutopoteza hata ndege moja ingeanguka siku moja mbele ya mtu mwenye nia mbaya, lakini tarakimu za Haulman zinasimama mahakamani. Marubani 66 wa Tuskegee walikufa vitani, na 32 walikamatwa mateka. Hao nao hawakuwa hadithi.

Vita vilipokwisha, wenzake wengi walikuta kampuni za ndege za abiria hazitaki rubani mweusi, hata awe na saa ngapi angani. McGee akabaki jeshini. Tarehe 26 Julai 1948 Rais Harry Truman alitoa amri namba 9981 ya kukomesha utenganishaji wa rangi katika majeshi, na rekodi ya vijana wa Tuskegee ilikuwa miongoni mwa hoja zilizokuwa mezani. Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950, McGee alikuwa Ufilipino. Akarudi kwenye Mustang, safari hii akishambulia njia za reli na madaraja kwa kuruka chini sana, kazi iliyoua marubani wengi. Vietnam alikwenda akiwa na umri wa miaka 47, babu katika macho ya vijana aliowaongoza, akirusha Phantom ya upelelezi aina ya RF-4. Ndege ile ilibeba kamera na haikuwa na silaha. Ulinzi wake ulikuwa mbio.

Katikati ya vita hivyo vitatu kuna maisha ambayo kumbukumbu za jeshi haziyaandiki. Frances alilea watoto watatu, Charlene, Ronald na Yvonne, akifungasha mizigo kutoka kambi hadi kambi, jimbo hadi jimbo, na ng'ambo, katika miaka ambayo familia nyeusi haikuwa na uhakika wa kupata nyumba ya kupanga nje ya geti la kambi. Kila mumewe alipoondoka kwenda vitani, yeye ndiye aliyebaki akisubiri hodi ambayo hakuna mke wa rubani anayetaka kuisikia. Haikuja. Waliishi pamoja katika ndoa zaidi ya miaka 50, hadi Frances alipofariki mwaka 1994. Ukitaka kujua nani alibeba uzito wa safari zile 409, mhesabu na yeye.

McGee alistaafu tarehe 31 Januari 1973 akiwa kanali, na saa zaidi ya 6,000 za kuruka. Hakukaa kibarazani. Alirudi darasani akamaliza shahada yake mwaka 1978, zaidi ya miaka 30 tangu vita vimtoe chuo kikuu. Alisimamia uwanja wa ndege wa katikati ya jiji la Kansas City, akaongoza chama cha kitaifa cha marubani wa Tuskegee, na kwa miongo kadhaa alizunguka shuleni kuongea na watoto. Aliwapa mambo manne: tambua ndoto yako, jiandae, tenda kwa ubora, vumilia. Wengi wa watoto waliomsikia hawakuwa wamezaliwa wakati wa vita vyovyote kati ya vile alivyopigana.

Heshima za serikali zilichelewa, na hili linauma. Nishani ya Dhahabu ya Bunge la Marekani kwa marubani wa Tuskegee ilitolewa mwaka 2007, wengi wao wakiwa wamekwisha kuzikwa. Cheo cha heshima cha brigedia jenerali McGee alikipata Februari 2020, miezi miwili baada ya kutimiza miaka 100, umri aliousherehekea kwa kushika usukani wa ndege ya jeti kutoka Frederick, Maryland, hadi kambi ya Dover, Delaware. Usiku wa siku aliyovishwa cheo alikaa katika ukumbi wa Bunge wakati wa hotuba ya rais kwa taifa, na pembeni yake alikuwa kitukuu wake, kijana wa miaka 13 mwenye ndoto ya kwenda anga za juu.

Charlene hakusubiri serikali. Mwaka 1999, miaka minane kabla ya nishani ya Bunge, alichapisha kitabu cha maisha ya baba yake, na sehemu kubwa ya yale ambayo waandishi wanayarudia leo kuhusu mzee huyo ilitokana na maswali ya binti kwa baba yake. Familia nyingi za Afrika Mashariki zina mzee aliyewahi kuvaa magwanda, awe rubani, dereva wa lori au mpishi wa kambi, na vyeti vyake viko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Mketi naye wiki hii, mshike daftari, mumuulize alikuwa wapi, na nani, na nani alimsubiri nyumbani. Andikeni na tarehe.