Babu alikuwa Keya. Yeye tumweke upande gani?

Kila siasa ikipamba moto, lile swali linarudi: nani alipigania hii nchi, na nani anadai? Wacha nilete mzee mmoja ambaye haingii vizuri kwenye hizo hotuba.

Babu yangu mzaa mama, mtu wa Machakos, alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles. Hakuenda kwa kupenda mfalme. Mwaka wa 1938 serikali ya mkoloni ilikuwa imechukua ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu na kuwauza bei ya kutupa. Vita vilipokuja, mshahara wa jeshi ndio ulikuwa njia ya kurudisha zizi.

Akapelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Katikati ya mvua za 1944 waliwasukuma Wajapani kwenye bonde la Kabaw hadi mto Chindwin, matope magotini, malaria kila siku. Na hao ni waliofika. Februari mwaka huo meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani. Zaidi ya watu 1,200 walikufa, wengi wao askari wa huku kwetu. Babu alikuwa na rafiki humo ndani. Alitutajia jina lake mara moja tu.

Sasa pesa. Hati ambazo waandishi wa habari walizitoa 2019 zinaonyesha kiinua mgongo kilipangwa kwa rangi: Mzungu wa cheo kile kile alilipwa hadi mara tatu ya Mwafrika. Tena Wazungu waliotoka vitani walipewa mpango wa mashamba kule nyanda za juu, mahali ambapo babu hangeruhusiwa kumiliki hata ekari moja. Risasi lakini hazikuwa zinachagua.

Halafu ikaja Hali ya Hatari, 1952. Waruhiu Itote, Jenerali China, alikuwa amepigana Burma pia, na akaingia msituni. Keya wengine walikuwa bado kwenye sare, wakitumwa huko huko msituni kuwasaka wenzao. Babu hakuwa kokote. Alikuwa nyumbani anachunga ng'ombe wanne.

2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari. Haki yao kabisa, sibishani. Lakini kijijini habari ilifika ikiwa imepinda: ati wazee wote "waliopigana" wanalipwa. Mjomba akatoa kitabu cha jeshi cha babu kwenye mkebe wa biskuti, akapanda matatu hadi ofisi moja mjini. Akaulizwa swali moja tu: mzee aliwahi kufungwa kambini?

Hapana.

Basi si huyu.

Mjomba alirudi jioni, akakifuta kile kitabu vumbi na shati lake, akakirudisha mkebeni.