Mwandishi na Kipepeo wa Karner

Vladimir Nabokov pengine unamjua kwa riwaya zake. Sasa sikia habari ya kazi yake nyingine.

Nabokov alikuwa Mrusi. Aliikimbia nchi yake mwaka 1919, na mwaka 1940 akaingia Marekani. Huku akihangaika kuandika kwa Kiingereza, alichambua vipepeo katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard. Humo alikuta vipepeo wakavu, wadogo, wa buluu, waliokusanywa zamani huko Karner, karibu na mji wa Albany, jimbo la New York. Wengine waliwahesabu pamoja na ndugu zao tu. Yeye akakaa na hadubini, akalinganisha viungo vya uzazi vya madume na alama za mabawa. Mwaka 1944 akawapa jina lao la kisayansi: samuelis.

Utamtambuaje? Mabawa yakikunjuliwa ni kama sentimita 2.5 tu. Dume juu ni buluu ya zambarau, ukingo mweusi wenye nyuzi nyeupe. Jike amefifia, ana vialama vya rangi ya machungwa. Chini wote ni kijivu, wana madoa meusi na safu ya machungwa pembeni. Ukiona mwenye kimkia bawani, huyo siye.

Kinachomponza ni chakula. Kiwavi wake hula mmea mmoja tu, lupini ya porini, unaopenda mchanga na jua katikati ya miti iliyoachana. Zamani moto ulifyeka vichaka, jua likapenya. Watu wakajenga nyumba na barabara, wakazima kila moto. Kivuli kikafunga, lupini ikafa, kipepeo naye akatoweka sehemu nyingi.

Jimbo la New York lilimweka kwenye orodha ya wanaohitaji ulinzi mwaka 1977, serikali kuu ikafuata 1992. Leo katika msitu wa Pine Bush, Albany, wataalamu huchoma vichaka kwa makusudi na kupanda lupini. Ajabu, eh? Kumlinda mdudu kwa kiberiti! Lakini huchoma kipande kwa kipande, maana wakichoma pote, mayai na viwavi navyo vitateketea.

Nabokov alikwenda Karner mwaka 1950 kuwaona wakiwa hai, na katika riwaya yake Pnin ya 1957 wamo, wanaruka.

Basi, wewe mwenzangu unayetaka kuandika: sheria ilimlinda samuelis kwa sababu kuna mtu aliyemtazama vizuri hadi akapata jina. Mtaani kwako kuna vidudu wangapi ambao unawaita "kidudu" tu?