Mbizi kwenye meli ya Dania: mgeni wa Thika au Ruiru asipande bara siku hiyo hiyo

Nje ya mwamba wa Bamburi, Mombasa, kuna meli iliyolala chini ya bahari tangu 2002. Ni MV Dania, iliyokuwa ikisafirisha mifugo. Haikuzamishwa na dhoruba. Ilizamishwa makusudi ili iwe makao ya samaki na mahali pa kupiga mbizi. Mkenya wa Thika au Ruiru akishuka Pwani likizoni anaweza kujifunza mbizi na kuizuru. Lakini safari yake ya kurudi nyumbani ina hatari ambayo sisi wenyeji tunapaswa kumweleza kabla hajakata tiketi.

Chuma kinavyogeuka makao

Mahali palipo na mchanga mtupu samaki hana pa kujificha. Meli ikishuka hapo, mwani hushika kwanza kwenye chuma, kisha chaza, sifongo na matumbawe laini. Samaki wadogo hufuata chakula na maficho, na wakubwa huwafuata wadogo. Ndani ya vyumba hukaa chewa na mkunga; juu ya sitaha hupita makundi ya kolekole na mzia. Kwa hiyo mpiga mbizi hashiki kitu, haingii ndani bila mafunzo ya kuingia kwenye meli, na nahodha hatupi nanga juu yake.

Kina na muda

Dania imekaa kwenye kina cha takriban mita 30. Cheti cha kwanza cha mbizi humruhusu mtu kufika mita 18. Kushuka hadi mita 30 kunahitaji mafunzo ya ngazi ya pili. Kwenye kina hicho shinikizo ni mara nne ya lile la juu ya maji, na naitrojeni iliyo kwenye hewa ya mtungi huingia kwa wingi katika damu na misuli. Ndiyo maana muda wa kukaa chini ni dakika chache tu, na kupanda ni polepole, kwa kusimama kama dakika tatu kwenye mita 5. Hata hivyo, naitrojeni haiishi mwilini mtu anapofika juu. Huendelea kutoka kwa saa nyingi.

Safari ya kurudi bara

Wengi wamesikia kwamba mpiga mbizi hapandi ndege mara tu baada ya kutoka majini. Wachache hukumbuka kwamba barabara na reli nazo hupanda. Voi iko karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari. Thika na Ruiru ziko zaidi ya mita 1,500. Shinikizo la hewa huko ni pungufu kwa takriban moja ya sita kuliko la Mombasa. Naitrojeni iliyobaki mwilini inaweza kutoa mapovu, kama soda inavyofanya chupa ikifunguliwa.

Shirika la Divers Alert Network hushauri kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 baada ya mbizi kadhaa, kabla ya kwenda mahali penye mwinuko wa kati ya mita 600 na 2,400. Thika na Ruiru zimo ndani ya kipimo hicho. Aliyezamia asubuhi kisha akapanda treni ya alasiri hajatimiza muda huo, na hata wa basi la usiku anaweza kuwa hajautimiza. Salama zaidi ni kungoja siku nzima.

Dalili

Maumivu ya bega au goti, ganzi, ngozi kuwasha, kizunguzungu, miguu kulegea na uchovu usio wa kawaida. Ndani ya basi ni rahisi kudhani ni machovu ya safari. Mwenye dalili asiendelee kupanda bara na asirudishwe majini. Alazwe, apewe oksijeni, apelekwe hospitali, na daktari aambiwe kwamba amepiga mbizi, kina gani na saa ngapi.

Siku ya kungoja

Siku hiyo haina haja ya kupotea. Mgeni apelekwe Fort Jesus, akaone vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome hiyo mwaka 1697, wakati Waomani walipoizingira. Wanaakiolojia waliichimba kati ya 1977 na 1980. Hapo atafahamu pia kwa nini haruhusiwi kuokota chochote kwenye meli za kale: Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inalinda turathi hizo.

Anayeuza mbizi, anayekodisha chumba na jamaa aliyempokea mgeni wamuulize swali moja: unarudi lini? Akijibu "leo jioni", basi Dania ingoje safari nyingine.