Historia ya matege: jua peke yake halitoshi

Mtoto anapokua huku miguu yake inazidi kupinda, wazazi wengine hutafuta aliyemroga. Wengine husema mama alimbeba vibaya mgongoni. Historia ya ugonjwa huu, uitwao matege, inaonyesha kwamba kosa si la mama wala la jirani.

Mwaka wa 1650, daktari Mwingereza Francis Glisson alitoa kitabu kizima juu ya matege. Baadaye ugonjwa huo ulienea sana katika miji ya viwanda ya Uingereza, ambako moshi na vichochoro vilizuia jua. Mwaka wa 1890, Theobald Palm, daktari aliyewahi kufanya kazi Japani, aliandika kwamba ukosefu wa jua ndio chanzo. Mwaka wa 1919, Kurt Huldschinsky wa Berlin aliponya watoto kwa mwanga wa taa maalumu. Ikaja kujulikana kwamba ngozi ikipata jua hutengeneza vitamini D, ambayo husaidia mwili kuchukua kalsiamu kutoka kwenye chakula. Kalsiamu ndiyo madini yanayokaza mfupa.

Kwa hiyo wengi walidhani Afrika, penye jua tele, haina hatari. Lakini huko Jos, Nigeria, watoto walicheza juani na bado miguu ilipinda. Mwaka wa 1999, Tom Thacher na wenzake walitangaza matokeo ya kutibu watoto 123: waliopewa kalsiamu walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Chakula chao kilikuwa na kalsiamu kidogo mno. Mwaka wa 2015 ikatangazwa kwamba samaki waliosagwa pamoja na mifupa nao huponya.

Hapo historia inafika Kivu. Kati ya 1958 na 1960, sambaza waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika na kutiwa Ziwa Kivu ili wakaaji wapate chakula. Huliwa wazima, pamoja na mifupa yao midogo.

Familia iliyokimbia vita huacha ng'ombe na shamba, na mara nyingi hubaki na bugali na sombe tu. Gao moja la sambaza wakavu, likitwangwa na kutiwa katika sombe ya mtoto, humpa kalsiamu ambayo bugali haina ya kutosha. Na mtoto ambaye miguu inazidi kupinda apelekwe kituo cha afya mapema, maana mfupa mchanga bado unaweza kunyooka.