Mganga Ndani ya Jiwe

Kaskazini kabisa ya Kanada, ambako bahari huganda kwa miezi mingi na miti haioti, wanakaa Wainuiti. Zamani riziki yao karibu yote ilitoka kwa wanyama. Waliamini kuwa kila mnyama ana roho, na kwamba roho iliyovunjiwa heshima huweza kuwanyima watu chakula. Msuluhishi alikuwa mganga, kwa lugha yao angakkuq. Mawindo yalipoadimika, mganga alipiga ngoma na kuimba, na roho yake ikasadikiwa kushuka vilindini kwa Nuliajuk, bibi wa wanyama wa baharini. Bibi huyo hakuwa na vidole. Basi mganga alimchana nywele zilizosokotana hata hasira yake ikapoa, naye akawaachilia sili.

Katika karne ya 20 Ukristo ulienea katika nchi hiyo. Uganga ukahesabiwa dhambi, ngoma zikanyamaza mahali pengi, na wazee wengi wakasita kusimulia waliyoyajua.

Mwaka 1948 msanii James Houston alifika Inukjuak, akavutiwa na vinyago vidogo vya wenyeji. Mwaka uliofuata vinyago viliuzwa mjini Montreal, vikaisha upesi. Bei ya ngozi za mbweha ilikuwa imeanguka. Uchongaji ukawa riziki mpya. Wachongaji walionyesha wawindaji, akina mama na wanyama. Kisha mganga naye akazidi kutokea. Katika jiwe moja utaona mtu nusu, dubu nusu: ni mganga anayegeuka kuwa roho inayomsaidia. Karoo Ashevak wa Taloyoak, aliyeishi 1940 hadi 1974, alichonga mifupa mikuukuu ya nyangumi. Sanamu zake zina vinywa wazi na macho yasiyolingana, kana kwamba zinaona tusiyoyaona.

Wapo wasemao kwamba sanamu hizi ni biashara tu, kwa kuwa wanunuzi hupenda mambo ya ajabu. Ni kweli kwamba ziliuzwa, na wachongaji wengi ni Wakristo wasioziabudu. Lakini fedha haifuti kumbukumbu. Mchongaji aliyepata chakula cha watoto wake kwa patasi alihifadhi pia hadithi za babu zake, wakati ambapo kuzisema hadharani kulikuwa aibu. Wahenga walinena: mali bila daftari huisha bila habari. Jiwe haliwezi kumrudisha mganga wala kuifundisha elimu yake yote. Hata hivyo, pale ulimi ulipofungwa, jiwe lilikuwa daftari.