Neno "Fashisti" na Jamaa Zetu

Ndugu na jamaa, Idi iliyopita hapa Columbus, nyumbani kwangu mitaa ya chuo kikuu karibu na High Street, kijana wetu mmoja alimwita ami yake "fashisti" kwa sababu ya kura aliyopiga. Tangu siku ile nyumba mbili hazisalimiani. Nami niliyesomesha historia nimeombwa nieleze.

Neno hilo sisi tulilipokea redioni. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na Radio Tanzania ikawa inamtaja nduli, fashisti. Nilikuwa sekondari, Tanga. Asili ya neno hatukuijua. Muda si muda hata kiranja aliyetupunja maharage akawa fashisti.

Asili yake ni Italia. Benito Mussolini alipewa serikali na mfalme mwaka 1922. Wafuasi wake wa mashati meusi walikuwa wakipiga wafanyakazi na kuchoma ofisi zao. Baadaye alipiga marufuku vyama vingine, akaitukuza vita, na mwaka 1935 akaivamia Uhabeshi, akatumia hata gesi ya sumu. Wazee wetu wa KAR waliopigana huko 1941 waliyaona majeshi yake kwa macho.

Je, Amin? Mwaka 1972, mwaka aliowafukuza Waasia, alimsifu Hitler katika simu ya maandishi aliyompelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Lakini chama hakuwa nacho. Alitawala kwa bunduki na amri. Nduli, naam, tena barabara. Fashisti, kwa maoni yangu, nusu tu, na aliowaua hawapungukiwi haki kwa hilo.

Kwa hiyo mtu akiniambia fulani ni fashisti, humwuliza: ana genge la kupiga wapinzani? Anawagawa raia kwa damu? Anataka asiondolewe? Ikiwa naam, aitwe hivyo, hata kama ameingia kwa sheria. Kupiga kura peke yake hakutoshi kumpa mtu jina hilo.

Mtaani kwetu palikuwa na mzee mwenye duka, asili yake Uganda. Vita ilipoanza aliitwa fashisti, wateja wakamkimbia. Mama alinituma sukari kwake. Nikapita mlango wake, nikaenda duka la mbali. Mzee yule alikuwa akinipa peremende kila nilipotoka chuoni na juzuu yangu mkononi. Kabla vita haijaisha alifunga duka, akahama, wala sikumwomba radhi.

Kijana wetu nimemsimulia habari hiyo. Ijumaa, baada ya sala, tutakwenda pamoja kwa ami yake.